Kiitaliano Changu cha Mwakitolyo

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Ngokolo mama yako amevuna karanga, nami kifua kinanibana, kwa hiyo nijibu swali lako mapema. Nani alinifundisha Kiitaliano? Hakuna. Sikijui hata neno moja.

Nikiwa mwalimu kijana Mwakitolyo, kila Jumapili niliwatafsiria wachimbaji filamu kwenye kibanda cha video. Wiki moja duara, yaani shimo la dhahabu, lilititia, na vijana wakaanza kusema wamerogwa na Mama Masanja, mjane mzee mwenye macho mekundu aliyeuza uji mlangoni pa kibanda hicho. Nilijua wanataka kumdhuru.

Mkanda wa Jumapili hiyo ulikuwa wa Kiitaliano, wa bei chee: kasri la maboksi lililotikisika kila mlango ulipofungwa, na bibi mwenye macho mekundu akiinuka jenezani.

"Mwalimu, mchawi anasemaje?"

"Si mchawi. Anasema macho yameharibiwa na moshi wa samadi anayopikia."

"Na jeneza je?"

"Analala humo. Kitanda wamechukua mashemeji."

Walicheka. Lakini wanakijiji wa kwenye filamu walipomchoma moto, kijana mmoja alisema, "Jamani, mama wa watu!"

Tulipotoka, kijana huyo alisimama mbele ya sufuria ya uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo adabu mmeitoa wapi?" akamjibu, huku akimjazia kikombe.

Kesho padri anakuja kuniungamisha. Uongo huu nimekuambia wewe tu. Yeye sitamwambia, maana sijautubu.

Babu yako