Neno "Ghafla"

Jumatatu, 3 Machi
Waziri anakuja kuzindua mtaa mpya wa bondeni. Bosi kaagiza taarifa za mafuriko yote ya nyuma. Nimezichimbua masjala, chini kabisa ya kabati, nimepiga chafya mpaka machozi. Ziko tatu. Nimezisoma zote — nani mwingine azisome? Zinaanza sawasawa: "Mvua isiyotarajiwa ilisababisha mafuriko ya ghafla." Ghafla! Mara tatu, mto uleule, mwezi uleule. Na pendekezo la kwanza kote: watu wasijenge bondeni.

Nikampelekea bosi. Akasema kwa upole waziri anahitaji tarehe tu za kutia kwenye hotuba, mapendekezo niyaache yapumzike. Nchi hii ina kumbukumbu nzuri sana. Iko kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Jumatano, 5 Machi
Kwa mdogo wangu, bondeni. Nyumba nzuri, sisemi uongo. Madirisha ya buluu, sakafu mpya, hata viatu tulivulia nje. Kiwanja kilitoka ofisini kwetu, na barua yake niliipiga chapa mimi mwenyewe. Nilipiga na vigelegele!

Leo nimewaambia wahame kabla ya mvua, waje kwangu, tutabanana. Shemeji kacheka: "Shemeji, umekaa na mafaili mpaka umekuwa faili." Nikacheka pia. Mdogo wangu hakucheka. "Dada, kama ni hatari, serikali ingetupa kiwanja?" Serikali yenyewe ni bosi, mimi na lile kabati.

Jumanne, 11 Machi
Fundi rangi kaingia masjala. Ukutani, nyuma ya mlango, kulikuwa na mistari mitatu ya kalamu, maji yalipofika kila mara. Aliyekuwa masjala kabla yangu ndiye aliyeianza. Wa kwanza unanifika magotini, wa pili kiunoni, wa tatu kifuani. Na sisi tuko juu kuliko bonde! Nikamwomba fundi aruke pale tu. Akasema, samahani mama, ameambiwa afute uchafu wote.

Saa sita ukuta mweupe pe. Bosi kapita, kasifu.

Ijumaa, 14 Machi
Utepe umekatwa. Waziri kasema taifa hili limejifunza. Makofi! Mdogo wangu kapiga kuliko wote, kavaa gauni langu la kijani. Nilitaka kunyoosha mkono niulize. Sikunyoosha. Mwoga mimi, basi.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua siku ya tatu. Mdogo wangu kakubali! Kasema maji yamesimama uani na hayaendi popote. Lakini watakuja Jumatatu. Jumapili wana wageni wa kuiona nyumba, aibu kuwafukuza. Nimegomba, nimebembeleza. Jumatatu, dada, siku nne tu hizo. Nimeshatandika kitanda chao.

Jumatatu, 24 Machi
Saa tatu asubuhi. Mto umevunja kingo alfajiri. Barabara ya bondeni imekatika, nimerudishwa na askari. Simu ya shemeji haipatikani. Ya mdogo wangu inaita, haipokelewi. Inaita, maana yake haijaingia maji. Au sijui.

Masjala maji yako magotini, ukuta mweupe umeshachafuka. Tumepanda ghorofani. Bosi anataka taarifa ya waandishi wa habari kabla ya saa nne. Kasema nisihangaike kuanza upya, nichukue ile ya mwisho, nibadilishe tarehe. Idadi ya waliokufa niache nafasi, watajaza baadaye.

Nimebadilisha tarehe. Nafasi nimeiacha — ikawa kubwa mno, nikaipunguza. Neno lile nimelifuta. Sasa imebaki "mafuriko ya", na mimi naandika huku daftarini badala ya kule.

Bosi anapaza sauti chumba cha pili: bado tu, mama? Nimemjibu limebaki neno moja. Naye: si neno moja tu hilo!

Nampigia tena mdogo wangu. Inaita.