Maji Yaliyokwenda Kaskazini

Jumatatu, 3 Machi

Nimesimama kwenye treni njia nzima kutoka Farsta, tunakoishi. Theluji chafu kila mahali. Mikutano miwili kabla ya chai. Staffan, mkuu wa mradi, bado ananiita, kwa Kiswidi chake, "msichana wetu wa maji." Nina miaka arobaini na minne. Humchukia kabla hajavua koti.

Mpango wa kusafisha Kiwanja lazima umfikie mteja mwisho wa mwezi. Ndivyo tunavyopaita, Kiwanja. Msitu kusini mwa jiji, palipokuwa na kiwanda cha nyuklia zamani, mimi bado mtoto Machakos. Majengo yalishabomolewa. Urani imebaki chini, ndani ya maji ya ardhini. Mpango wenyewe si mgumu kueleza. Visima vya kuvuta maji vipangwe upande wa ziwa, maji yapitishwe kwenye mtambo unaonasa urani, kisha yarudishwe. Upande wa ziwa kwa sababu huko ndiko maji yanakoelekea. Ramani inasema hivyo. Ramani niliichora mimi, miaka miwili iliyopita. Mshale mmoja mkubwa wa buluu, unaelekea kusini.

Jumatano, 5 Machi

Majibu ya maabara. Kisima namba kumi na moja kina urani. Nyingi.

Haiwezekani. Kumi na moja kiko kaskazini, nyuma ya kila kitu. Tulikichimba huko makusudi kiwe safi, tupate cha kulinganisha navyo vingine. Pirjo, fundi anayechota sampuli, amechafua chupa. Nimemwambia hivyo mbele ya wote. Ni Mfini, hana maneno. Alinitazama kama mtu anayesubiri basi. Hakujitetea hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Espérance, ghorofa ya tatu, kona moja tu kutoka kwetu. Rafiki yangu wa pekee mji huu. Alitoka Bujumbura mkimbizi na watoto wawili. Leo watoto wamehama na yeye ni mpishi kwenye shule ya chekechea. Ana kipande cha bustani huko kusini mwa jiji, kwenye zile bustani ndogo za kukodi zenye vibanda. Vitunguu, mchicha anaouita lengalenga, maharage. Kuna kisima cha pampu ya mkono. Hujaza madumu akayabeba mpaka nyumbani, hata majira ya baridi.

"Maji ya bomba yamekufa," anasema. "Haya ya bustani yana utamu, vraiment, kweli kabisa."

Nilikunywa vikombe viwili vya chai. Tulicheka sana. Siku njema pekee wiki hii.

Jumanne, 11 Machi

Pirjo alirudi Kiwanjani jana peke yake. Hakutumwa. Alichota upya, chupa tatu, akazifunga kwa lakiri, akapiga picha kila hatua. Ameweka picha hizo mezani kwangu bila neno. Matusi ya kimya. Nimezigeuza kifudifudi.

Ijumaa, 14 Machi

Chupa zote tatu. Urani zaidi ya mara ya kwanza.

Staffan ana jibu tayari. Kisima kimeingia maji ya juu ya ardhi, namba zake hazifai, tukitoe kwenye hesabu. Alilisema huku akila tufaha. Nilitaka kumnyang'anya lile tufaha.

Ningepaswa kumwomba Pirjo radhi. Sikumwomba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekaa na vipimo vya vina vya maji tangu asubuhi, mlango nimefunga. Sasa najua.

Mshale wangu niliuchora kwa visima vitatu na kiangazi kimoja kikavu. Kiangazi, ndiyo, maji huenda ziwani. Lakini theluji ikianza kuyeyuka yanapanda mpaka kwenye ufa wa mwamba, na ufa unakwenda kaskazini. Maji hufuata ufa. Kila mwaka. Yalikuwa yakienda huko hata siku nilipokuwa nikitia rangi ya buluu.

Visima vyote vya mpango viko upande usiofaa. Tutavuta maji upande wa ziwa miaka kumi na urani itatoka kwa mlango wa nyuma.

Niliweka ramani ya barabara juu ya ramani yangu nione kaskazini kuna nini. Msitu. Reli. Bustani za kukodi.

Nilikumbuka madumu ya Espérance, na vikombe vyangu viwili vya chai.

Jioni nilimwonyesha Staffan. Nilidhani atapiga kelele. Alifunga mlango taratibu.

"Huu mshale ni wa nani, Mwende?"

"Wangu."

"Na sahihi chini ya ramani?"

"Yangu."

"Basi tuseme kisima kina hitilafu. Kwa faida yako. Tukianza kuchimbua hili, wewe ndiwe utakayekuwa wa kwanza kwenye shimo."

Akanifungulia mlango kama muungwana.

Jumatano, 19 Machi

Sijasema.

Jumamosi, 22 Machi

Sijasema. Leah, binti yangu, ameniuliza kwa nini nagonga sufuria. Nimemfokea. Ana miaka kumi na mitatu, amenijibu Kiswidi kama kawaida yake akitaka kuniweka mbali: "Men lugna dig, mamma." Tulia, mama. Mimi nitulie. Nimemwambia katika nyumba hii tunasema Kiswahili. Amesema katika nyumba hii hakuna anayesema chochote.

Nimejipigia hesabu ya kila aina. Kwamba urani katika kisima cha uchunguzi si urani katika kisima cha bustani. Kwamba kuna umbali. Kwamba mwamba huchuja. Kwamba nikifukuzwa, ni nani mwingine atakayemwajiri mwanamke Mkenya aliyekosea maji ya nyuklia. Yote yana ukweli kiasi. Najichukia.

Jumanne, 25 Machi

Espérance ametuma picha. Miche ya nyanya dirishani. Ameandika kwamba inayapenda maji ya bustani kuliko yeye mwenyewe.

Huwa namjibu kabla saa moja haijapita. Leo sikumjibu kabisa.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwendea Pirjo stoo, alikuwa akiosha pampu. Nilimwomba chupa ya sampuli na nikamwambia ni ya nini. Yote, mpaka mshale. Ni mtu wa kwanza kumwambia na ndiye niliyemtukana.

Alikausha mikono.

"Nakuja na wewe," alisema. "Wewe hujui kuchota. Utachafua chupa."

Nilistahili.

Tulikwenda baada ya chakula cha mchana. Bustani zimelala, vibanda vimefungwa, bado kuna barafu kwenye vivuli. Pampu ilikuwa laini, imetumika majuzi. Pirjo alichota, mimi nikaandika lebo. Ameipeleka chupa maabara yeye mwenyewe na kuwaambia ni ya haraka.

Ijumaa, 28 Machi

Urani imo.

Si kama ya kumi na moja. Ni kidogo kuliko hiyo, lakini iko juu ya kiwango cha maji ya kunywa, na si kwa kubahatisha. Kwa maji kinachotishia kwanza si mionzi, ni figo. Urani ni metali, hukaa kwenye figo taratibu kwa mtu anayeinywa kila siku. Nimelieleza hili kwenye vikao mara ngapi, na slaidi, na mchoro wa figo wenye rangi.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda kwa Espérance asubuhi. Alikuwa anapika. Dumu liko chini ya meza, limejaa nusu.

Nilimwambia asiyanywe maji yale tena. Kisha nikamweleza sababu. Alisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi. Alidhani ni habari iliyofika leo. Alianza kunipa pole mimi, kwa kazi ngumu. Ningeweza kuiacha hapo. Nilitamani sana kuiacha hapo.

Nikamwambia nilianza kujua lini.

"Tarehe kumi na saba," alirudia. "Leo ni ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Mama Leah. Siku kumi na mbili?"

"Sikuwa na hakika."

"Ulikuwa na hakika ya kutosha kuacha kunijibu simu!" Aliuzima moto. "Mimi nilikimbia watu waliokuwa wananichukia. Wale nilijua wanakaa wapi, nilijua nisipite njia gani. Wewe nilikutengenezea chai."

Nilisema samahani. Alisema hiyo niipeleke ofisini.

"Na hiyo ramani, ulichora wewe?"

"Mimi."

"Toka, dada. Toka kwanza. Nisije nikasema neno ambalo Mungu atanidai."

Nimetoka. Nyuma yangu nilisikia dumu likimwagwa kwenye sinki, muda mrefu.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeandika barua kwa ofisi ya mazingira ya manispaa na nakala kwa mamlaka ya mionzi. Kurasa mbili. Kisima cha bustani, kisima namba kumi na moja, ufa, theluji. Ramani ya zamani na ramani ya kweli. Nimeandika "nilikosea" mara tatu. Leah amenisahihishia Kiswidi. Hakuuliza kitu mpaka mwisho.

"Watakufukuza?"

Ameuliza kwa Kiswahili.

"Labda."

Ameongeza koma moja, akaniambia bonyeza, itume.

Jumatatu, 31 Machi

Staffan hakupiga kelele safari hii pia. Bora angepiga. Alisoma nakala niliyompa, mstari kwa mstari, akiwa amesimama kando ya kiti changu. Alisema nimemsaliti. Alisema watu walionizunguka walinibeba miaka yote na sasa nimewatemea mate. Alisema "watu kama ninyi" akakatiza, akainywa kahawa yake. Nilimwomba amalizie sentensi. Ofisi nzima ilikuwa ikitazama skrini zake kwa bidii.

Nimeondolewa kwenye mradi. Kadi yangu haifungui tena chumba cha ramani.

Pirjo alinyanyuka, akaja akakaa kwenye kiti cha karibu yangu na kompyuta yake. Alikaa hapo mpaka saa za kazi zikaisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Manispaa wamefunga pampu ya bustani. Kuna tangazo na mnyororo. Wenye bustani wana hasira, na wana haki. Mwanamume mmoja alinipigia simu akanitukana dakika kumi. Sijui namba aliipata wapi. Nilimsikiliza mpaka akachoka.

Espérance hapokei.

Jumatano, 16 Aprili

Mamlaka wameurudisha mpango. Wanataka vipimo vya mwaka mzima, theluji na kiangazi, na visima vya kuvuta maji viwekwe kwenye ufa. Pirjo ameniambia kwenye korido, haraka haraka, kama anayetoa siri za nchi. Staffan anawaambia wateja kwamba kampuni yenyewe iligundua kosa. Kampuni yenyewe. Nimecheka peke yangu kwenye lifti, kicheko kibaya.

Mimi nimepewa visima vya Upplands Väsby vilivyoingia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kazi ya mwanafunzi. Saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi.

Nimemwomba Pirjo radhi hatimaye. Alisema, "Ndiyo." Basi.

Jumatatu, 12 Mei

Wameanza kuchimba kwenye ufa. Nilishuka treni nikatembea mpaka kwenye uzio, sina ruhusa ya kupita. Mashine inapiga mwamba, unasikia kwenye meno. Mahali pale kwenye ramani yangu nilikuwa nimeandika "hakuna mtiririko."

Nimekutana na binti wa kanisani kituoni. Kanieleza bila kuulizwa kwamba Espérance alipimwa. Figo ziko salama, watampima tena vuli. Nilimshukuru mara tatu. Yule binti hakujua nashukuru nini.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa, Wakenya, Wakongo, Warundi, wageni kutoka Hässelby. Nimechelewa, nikakaa nyuma. Leah yuko mbele na kwaya.

Espérance aliingia baada yangu. Kitenge cha kijani. Alitazama huku na huku. Nafasi iliyobaki ilikuwa kwangu tu. Alisimama kidogo, kisha akaja. Hakunisalimu. Aliweka mkoba wake katikati yetu.

Wimbo ukaanza. Karatasi ya maneno ilikuwa moja kwa kila benchi, na ilikuwa mkononi mwangu. Aliimba mstari wa kwanza kwa kichwa. Wa pili hakuujua. Nilisogeza karatasi juu ya mkoba wake.

Akainamia. Hakuwa na miwani.

"Inua kidogo," alisema.

Nikainua.