Radi Ambayo Haikupiga

Jumatatu, 4 Machi 1974. Kibondo
Tumechimba tena mfereji nyuma ya goli la chini. Majembe, makarai, matope hadi magotini. Mechi yetu na wavulana wa Kasulu imeahirishwa mara mbili kwa mvua. Sasa ni Jumamosi. Mshindi anakwenda Kigoma kwenye mashindano ya mkoa. Wanafunzi wangu hawajawahi kuliona ziwa. Yoramu, nahodha, yuko darasa la saba. Hana mwaka mwingine.

Jumatano, 6 Machi
Mvua kutwa. Hakuna mazoezi. Nimechora uwanja ubaoni, nikaonyesha kwa chaki nani akimbilie wapi. Wamechoka na mpira wa ubaoni. Mimi pia.

Alhamisi, 7 Machi
Wazazi wamechanga maharage wakampelekea mteko, mzee anayeaminika kuzuia mvua na radi. Mwalimu Mkuu anajua, hajakataza. Mimi nilifundishwa chuoni jinsi wingu linavyotokea. Hata hivyo jioni nimetazama angani nikatamani mzee aweze. Niliona aibu. Kisha nikaacha kuiona.

Jumamosi, 9 Machi
Nina hasira.

Asubuhi jua. Lori la Kasulu lilifika limejaa tope na nyimbo. Kipindi cha pili tunaongoza mbili kwa moja. Wingu likapanda. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Ya pili ilifuata umeme papo hapo. Uwanja wetu uko kileleni. Hakuna kirefu pale ila milingoti ya magoli na watoto.

Binamu yangu alipigwa na radi kijijini Heru Juu akipalilia. Nilikuwa mdogo. Harufu ile naijua.

Nikaingia uwanjani. Mwamuzi akanizuia: "Timu inayotoka imeshindwa, dada."

"Basi imeshindwa. Yoramu, watoe wenzako."

Mtu akapiga kelele pembeni: "Mwalimu anaogopa kulowa nywele!" Watu wakacheka. Baba yake Yoramu hakucheka. "Mwalimu, mteko ameshakula maharage yetu. Wewe unakimbia nini?"

Niliwasukuma mmoja mmoja hadi darasani. Yoramu alikuwa wa mwisho, analia waziwazi.

Mvua ikageukia kijiji cha Kumsenga. Kwetu halikuanguka tone. Kasulu wamepewa ushindi.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani benchi langu lilibaki na nafasi. Wanasema mteko alifanya kazi yake, mwalimu akaiharibu. Mvua kweli ilikwenda Kumsenga. Siwezi kumwonyesha mtu radi ambayo haikupiga.

Jumanne, 12 Machi
Wavulana wananisalimia kwa sababu ni lazima. "Shikamoo mwalimu," macho chini. Yoramu hakuja mazoezini.

Mwalimu Mkuu ameniita. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye angesubiri kidogo. Nimeibeba "kidogo" hiyo kutwa nzima. Kidogo kiasi gani? Ningesubiri hadi nini?

Sijutii. Naandika hivyo, halafu nawaza Yoramu akilima muhogo wa baba yake bila kuliona ziwa, na sina uhakika.

Ijumaa, 15 Machi
Yoramu amerudi. Alikaa kwanza kwenye nyasi, baadaye akaingia kucheza.

Saa kumi wingu likaja kutoka upande wa Kasulu. Ngurumo, bado mbali. Filimbi ilikuwa mdomoni na sikuipuliza. Niliogopa nyuso zao. Ndiyo, hilo nililiogopa, na ngurumo ikaja ya pili.

Yoramu akausimamisha mpira kwa unyayo. Akatazama juu. Akauokota, akauweka kwapani.

"Twendeni ndani," akawaambia.

Hakunitazama. Wenzake wakamfuata bila ubishi, hata mlinda mlango ambaye hubishia kila kitu. Nikaenda nyuma yao.

Tulikaa darasani mlango wazi. Mvua ilinyesha sana. Mmoja alianza kusimulia bao la Jumamosi, la pili, lile la kichwa, na wengine wakamsahihisha. Yoramu alinisogezea nafasi kwenye dawati. Nikakaa.