Kinini za Kufukuza Usingizi

Mujukuu wangu Kashala,

Jambo sana. Huku Kampemba tuko wazima, mama yako anakusalimia. Lakini umeniuliza kama kinini za kufukuza usingizi, zile dawa benzako banameza wakati wa examens, mitihani yenu, ziko mubaya. Haukuniambia kama wewe pia unameza, kwa hiyo sina amani.

Wakati wa Zaire, kambo yako, ni kusema babu yako, bwana yangu, aliendesha treni ya shaba mpaka Sakania. Alimeza kinini hizo ili asisinzie. Mwanzoni alirudi akiimba. Kisha mama yako akazaliwa, nikamupa mutoto mikononi. Alimuangalia sana, akasema kwa woga: "Najua iko muzuri, lakini sisikii furaha. Niko na nini?"

Akaenda hospitali, munganga akamuelezea: "Katika ubongo iko kitu kinaitwa dopamine, kinapeleka habari ya furaha. Kinini zako zinaimwaga nyingi kwa mara moja. Ubongo ukizoea, ile kidogo ya kila siku hausikii tena. Acha. Itarudi polepole."

Akaacha. Alilala sana, alikasirika. Niliogopa atabaki hivyo. Halafu asubuhi moja mutoto alipiga chafya juu ya shati yake ya kazi, naye akacheka mpaka machozi, nami nikalia.

Niandikie upesi, mwanangu.

Kambo yako mwanamuke,
Kalenga