Muzee Muzima wa Kulinganisha

Siku ya kwanza ya juma, 3 février
Nimemuogesha mama Neema, bibi yangu wa ndoa. Nimemupa uji. Akili yake inamutoroka. Jana tena alishika njia ya Djugu, eti anaenda kupalilia shamba. Ile shamba ilichomwa zamani. Motari mumoja alimurudisha na pikipiki. Jirani wanasema nitachoka. Mimi? Nilichimba dhahabu Mongbwalu na hii mikono. Sichokake.

Siku ya ine, 6 février
Hospitali. Docteur ni binti mudogo. Anataka damu ya mama Neema na maji ya mugongo wake. Anasema ile maji inazunguka bongo, na ugonjwa wa kusahau unaacha alama ndani yake, proteini. Anatafuta tena muzee muzima, wa kulinganisha naye. Nani mwingine Bunia hii? Nilivua shati mbele hajamaliza kuomba.

Siku ya tano, 7 février
Wamenikunja kama mutoto mu tumbo. Sindano mu mugongo. Mama Neema alilia. Mimi hapana. Maji yangu safi, inang'aa. Nilimuambia infirmière aliyeshika chupa: "Angalia, maji ya mwanaume." Alicheka. "Ndiyo papa. Na kesho kichwa itakuuma ya kiume."
Iliuma.

Siku ya ine ya juma, 10 avril
Majibu imefika. Proteini za mama Neema zimepita kipimo. Tulijua.
Zangu pia.
Docteur anasema ugonjwa unaweza kukaa mu bongo miaka mingi mbele mutu aanze kusahau. Pengine utachelewa. Pengine hautakuja. Nilisema wamechanganya chupa. Nilimutajia mashimo yote nilichimba, moja moja. Alisikiliza mupaka mwisho.
"Papa, leo akili yako iko muzuri. Mimi naongea juu ya kesho."
Nilitoka bila kuaga. Mutoto wa juzi.

Siku ya posho, 12 avril
Usingizi hakuna. Siogope kufa. Naogopa hivi: siku moja tutashika njia ya Djugu sisi wawili, na nyumbani hakuna mutu wa kujua kama tumetoka.

Siku ya yenga, 13 avril
Kisha misa nilienda Mbunya kwa Neema, mutoto wetu wa kwanza. Nilimuomba ahamie kwetu na bwana yake. Tangu nizaliwe sijaomba mutu kitu.
Aliacha kukoroga sufuria.
"Ni juu ya mama?"
Nilisema ndiyo. Kisha nikasema, na mimi.
Alitoa sufuria ku moto, akaanza kukunja nguo za watoto na kuzitia mu mufuko.