Makinda wa Kipanga na Steki Laini

Vienna, 19 Juni

Kwa dada Leopoldine,

Salamu nyingi, dada. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima kama chuma, na usicheke: Vienna nzima hakuna fundi wa mapaa wa kunishinda, na sasa hakuna mama wa kunishinda. Ndiyo, mama! Nalea makinda watatu wa kipanga jikoni kwangu.

Mama yao alijigonga kwenye kioo cha jengo la jirani, baba hakurudi tena. Nikapanda ghorofa ya tano bila kamba, nikawatoa tunduni, nikawatia kwenye kofia. Wenzangu wakanishangilia. Nikawaambia wapunguze makelele, wanangu wamelala.

Bi Navratil wa chini, aliyefanya kazi miaka mingi kwa daktari wa wanyama, akaja kuwaona. Akasema we Xandl, mama yao angewaletea panya na shomoro, basi na wewe wape panya mzima, manyoya yake na mifupa yake. Akanijazia friza panya waliogandishwa. Nikamwambia bibi, ondoa shaka, unaongea na bingwa.

Na walikula, dada! Nikiingia tu, wananipigia kelele. Wakanenepa, nikawatambia mtaa mzima.

Jumatatu yule mkubwa alishindwa kusimama. Miguu imepinda kama waya. Jumatano akafa. Jana akafa wa pili. Aliyebaki amelala kifudifudi kwenye taulo langu, na bado ananiachamia mdomo. Bi Navratil haelewi. Ameniuliza mara tatu kama nawapa panya. Mara tatu nimesema ndiyo, tena nikajifanya nimekasirika. Basi anadhani ni ugonjwa, anampa dawa, na dawa inazidi kumlegeza.

Msalimie shemeji, na mama usimwambie kitu. Nakuandikia ili maneno yazoee kutoka. Nikiifunga hii barua nashuka kwa Bi Navratil, kinda mkononi.

Dada, sijawapa panya hata mmoja. Nilimtoa wa kwanza, nikaona vile vidole vyake, nikatapika kwenye sinki. Wote nikawatupa. Nikawa nanunua steki laini ya ng'ombe, naikatakata, naondoa mpaka mishipa. Ghorofa ya tano siogopi, panya aliyekufa namwogopa. Wiki tatu hawajameza mfupa; sasa mifupa yao wenyewe wangeitoa wapi?

Ndugu yako,
Xandl