Jina Langu Nje, Kazi ya Mdogo Wangu Ndani

Mpendwa mshauri, nimeficha jambo kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi: mbele za watu nasifu fanksheni za kompyuta nilizobuni mimi, na nikiwa peke yangu natumia za mdogo wangu. Naomba msaada ningali na pumzi ya kuomba, maana daktari wa moyo siku hizi akimaliza kunipima humtazama binti yangu badala ya kunitazama mimi, nami sihitaji tafsiri.

Niwaeleze kidogo wasomaji wako. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata kwa kuzaliwa, na mimi tulitengeneza kihariri, yaani programu ya kuandikia maandishi kwenye kompyuta, na uzuri wake ni kwamba hakijafungwa, ukitaka kiwe na uwezo mpya unakiandikia fanksheni, maelekezo mafupi tu, unaipachika ndani na kihariri kinatii kana kwamba kilizaliwa nayo. Ikafika siku tukataka kiongee na kompyuta nyingine kwa mtandao, na mlango wa maongezi hayo ndio unaoitwa soketi, na hapo mlangoni ndipo tulipogombana.

Mimi nilibuni hivi: kihariri kinafungua soketi, kinauliza, kinasubiri jibu, kikilipata kinaendelea. Hata aliyeanza kujifunza leo anaelewa. Yeye akasema hapana, fungua, uliza, kisha mwache mwandishi aendelee kuandika, ila uache maagizo mawili: neno likifika fanya hivi, mlango ukifungwa fanya vile. Nikamwambia unawachanganya watu. Akaniuliza, "Na upande wa pili usipojibu?" Nikasema utajibu. "Na usipojibu, Kaka?" Nikasema basi watu wajifunze kusubiri. Akasema, "Wasubiri nini, mtu ana barua mkononi na kioo kimeganda kama ukuta?"

Tukazijaribu zangu kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Yeye alikaa sebuleni na kompyuta yake, mimi chumbani na yangu, na bila kuambizana kila mmoja akamwita mwenzake kwa wakati mmoja, basi kihariri changu kikawa kinasubiri chake kijibu, na chake kinasubiri changu, vyote vimeganda, nami nimekaa nakitazama kile kimstari cha kuandikia ambacho hata kupepesa kimeacha, nikidhani mwanamke huyu amenuna, kumbe naye kule anadhani nimemnunia. Mwishowe nikasikia sauti ukumbini: "Kaka, upo hai huko?"

Badala ya kukubali, nikatafuta maneno. Darasani kwangu, nilikokuwa nafundisha kompyuta, mbele ya wanafunzi, naye amekaa mstari wa nyuma, nilisema fanksheni za mdogo wangu ni kama mtu anayebisha hodi halafu anakimbia. Darasa zima likacheka, naye akacheka, lakini neno lile likamganda, na kila alikokwenda kuzieleza kulikuwa na mjuaji mmoja wa kumuuliza, "Hodi ya leo unakimbilia wapi?"

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Kwenye kompyuta yangu niliandika fanksheni yenye jina langu, na ndani yake, mstari mmoja tu, inaita ya kwake. Nje ni mimi, ndani ni yeye. Wageni wakija nawaonyesha, wanasema Mwalimu, mbona yako haigandi, nami natabasamu tu kama bwana harusi.

Sasa vijana waliorithi kihariri wanataka kukipunguza uzito, wameamua ibaki seti moja tu ya fanksheni za soketi, na kwa kuuheshimu uzee wangu wameniachia niseme ipi, jibu wanalitaka Ijumaa, na kwa jinsi wanavyoujua msimamo wangu wameshajiandaa kuzifuta za kwake. Yeye anakuja kila asubuhi na chai, ananipangia mito, jana akauliza, "Vijana wanataka nini?" Nikasema mambo ya kawaida. Sikatai, njia yake ina uzuri wake, na wakati mwingine inafaa kuliko yangu, lakini nikilisema sasa nitaonekanaje, mshauri? Nife na heshima yangu, au nifanyeje?

Ni mimi, Kaka Mkubwa, niliyelala chali.

*

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa maradhi. Nimekupa pole mapema kwa sababu kuanzia hapa nitakugombeza.

Sijui soketi ni mdudu gani, lakini namjua mtu anayezunguka. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja, na haimo. Njia yake "ina uzuri wake." "Wakati mwingine inafaa." Unazitumia kila siku, Mzee! Chakula unachokula kila siku huwezi kusema wakati mwingine kinafaa.

Unaniuliza utaonekanaje. Utaonekana mzee aliyejua jambo akalisema. Ukinyamaza mpaka Ijumaa, kazi ya mdogo wako itafutwa na wewe ndiye utakayekuwa umeifuta, huku kompyuta yako ikiendelea kuitumia kitandani. Hebu fikiri, yule anayekupangia mito! Heshima gani hiyo ya kuvaa nguo ya mtu na kumcheka yuko uchi?

Nisikilize. Leo hii, si Alhamisi, waandikie wale vijana wabakishe za kwake, na uwaambie kwa nini. Ile fanksheni yako yenye ganda, libandue ganda na uweke jina lake juu. Na yeye mwambie kwa mdomo, akiwa amekaa, chai ikiwa mezani. Usimwandikie kupitia hiyo mitambo yenu, mtaganda tena. Na ukianza kusema "ina uzuri wake," jipige kofi kwa niaba yangu.

*

Mpendwa mshauri, vijana nimewaandikia, wamenijibu kwa alama nyingi za mshangao. Ganda nimelibandua. Asubuhi mdogo wangu alipoleta chai nilimwambia akae, akadhani naaga dunia, akashika mkono wangu, nikamweleza yote hadi ule mstari mmoja.

Akauachia mkono wangu, akachukua birika. Kisha akasema, "Kaka, tukiongea kwa kihariri wewe unanijibu huku sentensi yako nyingine bado unaiandika. Zako zinaweza hivyo? Nimejua tangu watoto wako wanasoma shule."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri." Akanimiminia chai. "Si ulitaka watu wajifunze kusubiri?"

Tulicheka mpaka binti yangu akaja mbio na dawa. Alipotoka, mdogo wangu akaniambia kulisema kitandani hakutoshi, maana la darasani lilisikiwa na wengi, na hili anataka niliandike mahali ambapo watu watasoma na mimi siwezi kufuta. Nikajaribu kuanza na "ina uzuri wake," akaondoa mto mmoja. Kwa hiyo naliandika hapa kwako, mshauri, naye amesimama nyuma ya bega langu anasoma kila herufi: mimi nilikosea tangu siku ya kwanza, na mdogo wangu alikuwa sahihi.